Kidonda Chini ya Mkanda wa Mama Mkwe

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu ukiwa hapo jikoni, maana najua dada Atieno anakusomea barua hii ukikaanga omena. Goti linasemaje? Na ile mvua ya kuchagua mashamba ya watu, imefika kwetu ama bado inabagua? Mimi hapa Kiptere ni mzima, baridi tu ndiyo imenizoea kupita kiasi.

Mama, nina furaha siwezi kukaa nayo peke yangu. Lakini ilianza na hofu.

Mwezi uliopita mama yake Chebet, mchumba wangu, aliletwa hapa kwenye kituo chetu cha afya akiwaka homa. Kichwa kinamgonga, macho mekundu, kusimama hawezi. Tulipima malaria, hakuna kitu. Alikuwa ametibiwa homa ya matumbo kwingine, dawa akamaliza, homa ikabaki palepale. Siku iliyofuata akamwambia Chebet, "Hata nikienda, msisimamishe koito." Koito ndiyo sherehe yao ya posa, ile utakayokuja. Chebet alilia, nami nikaogopa kabisa.

Homa ya namna hiyo hutaka ngozi yote iangaliwe, mpaka panapofichwa. Sasa aangalie nani? Mimi, mkwe! Unajua kwetu hata kula mbele ya mama mkwe ni taabu, na kwa Wakipsigis, watu wa kina Chebet, ni hivyo hivyo. Alikataa kufunuliwa, nami ndiye daktari wa pekee hapa. Nikaishia kumpima mapigo ya damu mkononi tu.

Mungu si Athumani, Sista Langat, muuguzi wetu, akarudi kutoka likizo. Tulivuta pazia, nikampa mgonjwa mgongo, nikawa nauliza ukuta.

"Kwapani?"

"Hakuna kitu, daktari."

"Kiunoni je?"

"Iko kidonda hapa, chini ya mkanda wa eproni yake ya kuchuna majani chai. Nyeusi, imekauka, kama amechomwa na sigara. Anasema haiumi."

Nilipiga makofi, Mama, sikuweza kujizuia. Nyuma ya pazia sauti dhaifu ikasema, "Mwambie huyo kijana asifurahie kidonda yangu."

Kidonda cha namna hiyo ni alama ya utitiri, Mama, mdogo kuliko ule wa kuku wako, unaokaa kwenye nyasi za vichakani. Alikuwa akikatia ng'ombe nyasi pembeni mwa shamba la chai. Ukikuuma huhisi kitu, homa inakuja baadaye. Na dawa yake ni vidonge vya kawaida, vimejaa kabatini mwetu! Nilimwanzishia hapo hapo, damu tukaipeleka Nairobi, na jibu lilipokuja lilitaja homa ya mdudu huyo huyo. Kufikia hapo mgonjwa alikuwa ameshapoa na anadai chai ya maziwa ya ng'ombe wake, yetu hataki.

Koito iko palepale. Ametuma Chebet aniambie, "Mama yake akuje mapema. Nataka kukaa na yeye." Basi njoo, na kile kitenge cha bluu usikisahau.

Nisalimie nyanya, mwambie miwani yake naileta. Nisalimie baba mdogo, fundi wa baiskeli. Na Atieno anayesoma aache kucheka.

Jana nilipita nyuma ya ua wao, uso nimegeuza kama inavyopasa. Nikamsikia mama mkwe akigombeza ng'ombe kwa sauti yote aliyo nayo. Nilisimama nikasikiliza mpaka akamaliza.

Mwanao anayekupenda,
Ouma