Tumbo Langu na Sheria Yangu

Élisabethville, Jumamosi, Juni 1954

Baridi asubuhi, jua lisilo na nguvu, moshi wa kiwanda umelala juu ya mabati. Leo nimerudi katika chama chetu cha ngumi, ambako mimi ndiye mwalimu, miezi minne baada ya kupasuliwa tumbo.

Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari alikata kipande, akashona. Juzi aliniruhusu kuruka kamba na kupiga gunia polepole. Pigo lolote la tumboni amelikataza mpaka mwaka uishe.

Kabla sijatoka, mke wangu Anastazia alinifunga tumbo kwa kitambaa kile kile alichojifungia kila alipozaa. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwachia afunge, kwa sababu kovu lilikuwa linavuta.

Nilipovua shati mazoezini, wote wakakiona kitambaa. Kalonji, fundi wa reli ambaye nimemkemea miaka minane kwa kuchelewa, aliuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, mulizala mwanaume ao mwanamuke?" Ukumbi mzima wa misheni ulicheka. Nilimjibu kwamba mtoto amechelewa sana kuzaliwa, kwa hiyo tumempa jina la Kalonji.

Kisha likaja jambo la mpira. Mtu aliyekosa mazoezi miezi mitatu hulala chali, akaangushiwa tumboni mpira wa ngozi uliojaa mchanga, mara kumi, ndipo aruhusiwe kuvaa glavu. Sheria hiyo niliitunga mimi. Niliiandika ukutani kwa mkono wangu.

Ilunga, mwanafunzi wangu wa zamani aliyeongoza mazoezi nilipokuwa mgonjwa, alisimama na mpira mikononi. Maneno ya daktari aliyajua.

"Sheria ni yenu, Mwalimu," alisema. "Na tumbo ni yenu. Muchague."

Nililala chali.

Nakiri hapa kwamba nilikusudia kuupokea. Nilitazama dari, nikakaza tumbo, na mshono ukauma. Ndipo nikamkumbuka Mutombo. Miaka miwili iliyopita alirudi kwetu akitoka kuugua mapafu, akaomba aanze bila mpira. Nilimwambia kwamba sheria ni moja kwa wote. Nikamwita mvivu mbele ya wenzake. Alikunja fulana yake vizuri, akaaga, na hatujamwona tena.

Nikainuka, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba siwezi.

Hakuna aliyecheka, hata Kalonji. Niliruka kamba katika mstari wa nyuma pamoja na wanaoanza, bila glavu, nikipumzika mara nyingi. Ilunga aliuliza kama afute maandishi ya ukutani. Nilimwambia asubiri, kuna mtu anayestahili kuona yakifutwa.

Kesho baada ya Misa nitakwenda mtaa wa Katuba, nyumbani kwa Mutombo. Huenda asinifungulie mlango. Anastazia amekwisha kukifua kitambaa. Nitakifunga juu ya shati, Mutombo akione kabla sijasema neno.