Mashua ya Baba Mkwe Inakwenda Mrama

Mpendwa mshauri Bi Sada, shikamoo, na ukisha kuitikia nakuomba unisaidie upesi, kwa kuwa Ijumaa hii baada ya sala mtaa mzima umealikwa kuja kushua rasmi mashua mpya, mbuzi wamekwisha fungwa uani, na mimi niliyetajwa kuwa nahodha wake sipati usingizi wala chakula hakipiti.

Mimi ni mvuvi wa hapa Bagamoyo, jina langu Mwinyimvua, nimemwoa Ashura binti Bwanausi, na huyo Bwanausi ni fundi wa kuunda vyombo, akaniundia mashua kwa mapenzi yake mwenyewe, akaniambia, "Mwanangu, vua kwa hii, kisha uvue kwa ile ngalawa yako, halafu uje uniambie kweli ipi bora," nami nikatoka nazo zote mbili kwa kujaribu hadi nje ya miamba kwenye maji makuu, na kweli yenyewe nakwambia wewe tu, kwamba ngalawa yangu inalowesha, sikatai, narudi nayo nimelowa hata kofia, lakini ukiigusa usukani inageuka, tena tunaiendesha watu wawili kwa mihogo ya kuchoma, na hii mashua imeinuliwa ubavu juu mno na chini imebana, upepo ukiishika inalala upande haitaki kuinuka, inakwenda mrama hata bahari ikiwa shwari, ukitaka kuigeuza unaibembeleza kwanza kisha unangoja ifikirie, na inataka mabaharia sita, na watu sita, Bi Sada, wanakula! Wenye meli za moshi wanalalamika kuwa zinakula makaa, hii yangu inakula wali, na upepo ukikatika wanapiga makasia, wakipiga makasia wanakula mara mbili, tulipofika pwani samaki wa kupeleka sokoni hakuna, tumebaki na wa kitoweo.

Basi nikaenda kumpa majibu, nikamkuta barazani anakunywa kahawa na wageni, na mama mkwe yuko ndani nyuma ya pazia anasikiliza, akaniuliza, "Haya mwanangu, inaendaje?" nikaona haya, mkwe nitamwambiaje mbele ya watu kuwa kazi yake mbaya, ulimi ukanitangulia nikasema, "Baba, imetulia kama kitanda." Kesho yake akaongeza ubao wa kukalia, ili mama mkwe aende nayo Saadani kumtazama dada yake! Akaniuliza na mwendo wake, nikasema, "Mwendo upo, baba," akarefusha mlingoti. Kila nikisifu anaongeza, na kila akiongeza inanibidi nisifu, na jana ameniambia ngalawa yangu nimpe shemeji yangu Rajabu, kwani mwenye mashua ataka ngalawa ya nini. Ashura naye analia, anasema nikinyamaza nitazama, na nikisema, baba yake atamwita arudi kwao. Nampenda mke wangu, Bi Sada, na kufa maji sitaki, nifanyeje?

Mwinyimvua

Marahaba, Mwinyimvua, na pole sana. Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikaisoma tena sikucheka.

Kitanda! Kitanda gani hicho, baba, kinachomwaga mtu? Ulipokuwa baharini ulijua kila kasoro ya chombo kile, ubavu wake, mwendo wake, na wali wake. Ulipofika barazani ukageuka mwimbaji wa harusi. Yule mzee alikuomba kweli kwa kinywa chake, tena kabla chombo hakijamalizika, na fundi anayeuliza hivyo anataka kujua. Wewe ukamlisha sifa, naye masikini akazitia kwenye mlingoti.

Kwa haya yako sikulaumu. Mkwe ni mkwe, na kwetu hapa hakuna kijana mwenye adabu atakayemsema baba wa mkewe mbele ya wageni wake. Lakini je, mke ulimposa mwenyewe? Hukumtuma mshenga? Yuko wapi huyo mshenga, au mlidhani kazi yake ilikwisha siku alipokula pilau? Mwendee huyo. Mweleze yote uliyonieleza mimi, ila maneno ya kitanda yaache. Yeye ataingia kwa Bwanausi faraghani, atavua viatu, ataulizia afya ya nyumba nzima, kisha atasema kwamba mkweo anaomba radhi, alishindwa kusema kwa haya, na anaomba ubavu upunguzwe, mlingoti urudishwe ulivyokuwa, na mawe ya uzito yaongezwe chini. Halafu ijaribiwe karibu na pwani, mahali mtu akianguka anasimama.

Mbuzi wasikutishe, watangoja. Ngalawa usimpe Rajabu. Mama mkwe aende Saadani kwa punda, punda hali wali. Na Ashura aache kulia, apike kitu kizuri apeleke kwao, akae na mama yake, amweleze. Bwanausi akikasirika, atakasirika nchi kavu, na hasira ya nchi kavu hupoa.

Neno la mwisho, na hili nakwambia bila mzaha. Katika barua nzima umenitajia heshima yako, mkeo na roho yako. Wale mabaharia sita umewataja kwa ulaji wao tu. Mrama wake waliuona, lakini Ijumaa watapanda, kwa sababu walisikia nahodha wao amesema sasa chombo kimetulia. Na wao, Mwinyimvua, hawakuoa kwa Bwanausi. Nenda kwa mshenga leo.