Kama Ilivyokuwa

Kwako kaka,

Sisi hatujambo, paka amezaa. Simu yako, ambayo mwenzako wa chumbani alituletea ulipopotea huko ng'ambo, ilikataa kila laini ya huku, na bila laini haifunguki. Tukaipeleka kwa fundi aiondolee kifungo cha mtandao wa huko, tupate namba za watu waliokuona mwisho.

Kioo kikaandika Kiingereza. Fundi akanitania, "Haya msomi, tusomee!" Nikasoma kwa aibu, "Inataka kurudisha simu kama ilivyokuwa."

"Si ndiyo tunachotaka? Bonyeza, mwanangu," mama akasema.

Nikabonyeza. Kumbe ni kama ilivyotoka kiwandani. Sasa inakubali laini zote, lakini haina jina hata moja. Mama anaichaji kila siku akisubiri majina yarudi. Sijamwambia. Wala sijui barua hii niitume wapi.

Mdogo wako