Ngamia ya Abdi na Kaseti ya Mwingereza

Mutua wa bucha, salaam aleikum! Kama bado hujui kujibu, uliza jirani.

Niko Griftu, jua inachoma mpaka mawe inalia. Wewe husema Waingereza hawana muziki, ni tarumbeta za askari tu. Haya, sikia.

Hapa kila mwenye ngamia ana wimbo yake ya kisimani, na ngamia asiposikia wimbo anayojua, hanywi. Jirani yangu Abdi amenunua ngamia jike huko Hadado, akasahau kuuliza wimbo! Ngamia imekauka, mbavu nje, Abdi karibu alie. Watu wote wameimba. Hata mimi nimeimba, na sauti yangu mwadhini anaionea wivu. Wapi!

Sasa kuna Mwingereza anatengeneza injini ya maji. Akaweka kwa gari kaseti ndugu yake ameimba. Kwao hakuna aliyenunua, ati haifanani na nyimbo za Uingereza. Ni wimbo ya polepole, kama mama anabembeleza mtoto. Wallahi, ngamia ikainama, ikanywa mpaka tumbo ikawa ngoma!

Abdi akaruka, akaniita: "Adeer, mzee wangu, nimeuziwa ngamia Mwingereza!"

Mzungu alicheka mpaka machozi, akampa hiyo kaseti. Abdi akamshika mkono: "Andikia ndugu yako. Mwambie kwao wakikataa, sisi tumechukua. Hii wimbo sasa ni ya Griftu."

Leo kisima nzima inaimba Kiingereza, na hakuna anayejua hata neno moja. Mimi ndiye naongoza.

Salimia Mama Kavata na watoto. Mungu akutunze, wewe na kisu yako.

Mzee Hassan