Laini ya Nyanya Imekatwa kwa Kosa la Kutopiga Simu

Jumamosi. Jua la Voi limeamka na hasira, na mimi pia. Upepo unatembeza vumbi jekundu hapa Kaloleni mpaka chai ya saa nne nimeitafuna. Nimekasirika tangu jana na bado sijapoa, ndiyo maana naandika. Anayetaka maneno matamu leo apite kwa jirani.

Wageni wa ukurasa huu, nijueni kwanza. Shule niliacha kidato cha pili, karo iligoma. Lakini kwa mambo ya simu, hakuna digrii inayonitisha. Nina meza yangu karibu na steji ya matatu, nauza kava, chaja na vioo vya kulinda skrini. Simu ikilia mfukoni mwa mtu, kabla hajaitoa nimeshajua ni ya aina gani na itamharibikia lini. Pasta mwenyewe huja kuniuliza, na mimi humjibu nikiwa nimekaa.

Sasa sikieni vile huyu mtaalamu wenu amefanyiwa.

Na vile amefanya.

Nyanya yangu, mama yake mama, anakaa Mraru, na shamba lake la ndengu linapakana na pori. Kabla ya mvua simu yake ilikata roho. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na namba tano ilikuwa imezama kabisa, lazima uitafute na kalamu. Akaniita. "Righa, nitafutie simu. Isiwe ya kupanguza kioo kwa kidole. Iwe na tochi, ilie kwa nguvu, na isitake chaji kila siku kama mtoto anayetaka maziwa."

Binamu yangu akasema tumnunulie ya kupanguza, ile ya kulipa pole pole. Nikamcheka hadharani. Nyanya aangalie nini huko, wasichana wakicheza? Nikamchukulia mulika mwizi mpya kabisa, vitufe vikubwa kama maharagwe, betri inamaliza karibu wiki. Kwa simu sikukosea, na mtu asijaribu kuniambia nilikosea.

Nilikosea kwa laini.

Laini yake ya zamani ilikuwa ya ile kampuni ambayo kila mtu anayo, na dakika zake ni ghali kama sauti yako inasafiri na ndege. Kuna kampuni nyingine, sitaitaja, nitaiita Kampuni ya Tabasamu kwa sababu bango lao pale mjini lina mwanamke anayecheka mpaka magego yanaonekana. Dakika zao ni rahisi, meseji bure, wikendi wanakuongezea bando. Nikapiga hesabu yangu kama injinia. Hata mtandao nilienda kupima Mraru kwenyewe, nikasimama katikati ya uwanja wa Nyanya na simu juu ya kichwa kama mtu anayesalimisha silaha. Ulikuwa umejaa. Nikahamisha nambari yake ileile ya miaka mingi ikaenda kwa Tabasamu, nikarudi mjini kifua mbele.

Kitu kimoja sikuuliza. Nyanya anaitumia simu kufanya nini?

Haongei nayo. Huko kwao simu ni ya ndovu. Mama Mghoi ndiye wa kwanza kwa mstari maana shamba lake limeingia kabisa kwa pori. Akiona ndovu wanakuja anamflashi Nyanya, simu inalia kidogo anaikata, na Nyanya anamflashi Mzee Kilonzo, Kilonzo anamflashi anayefuata, mpaka mashamba ya mwisho. Flashi moja: wanakuja, washeni moto wa pilipili na mavi makavu, moshi uwakere, shikeni sufuria mpige. Flashi mbili: wamepita, laleni. Na sheria ni moja tu, simu haishikwi. Ukishika umekula kredo ya mwenzako, na utasemwa mpaka mavuno.

Hakuna anayelipa hata senti. Hao wazee wamejiundia mtandao wao bila mhandisi, na wengi wao hata kidato cha pili hawakukiona. Mimi nilikuwa nauona kama mchezo wa wazee.

Sasa, kwa kompyuta ya Kampuni ya Tabasamu, flashi si kitu. Simu isiyoshikwa ni simu ambayo haikupigwa. Nyanya hakuongeza kredo kwa sababu ile kidogo niliyomwekea mwanzo haikupungua. Hakununua bando kwa sababu hana wa kumtumia picha. Kwa hivyo wakamhesabia siku, zikafika tisini, wakamkata. Ati walituma meseji ya kumwonya. Kwa Kiingereza! Nyanya kwa simu anajua kitufe cha kijani, kitufe chekundu na tochi. Walimwonya kama unavyomwonya mtu aliyelala kwa kumkonyezea jicho.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado halijazama, Mama Mghoi akawaona. Akaflashi. Sauti ya mwanamke ikamwambia nambari hiyo haitumiki. Akajaribu tena, ikawa vilevile, na hapo ndovu walikuwa wamefika kwa ua wake, akatupa simu akashika sufuria. Nyanya alikuwa jikoni anaponda kimanga cha muhogo na maharagwe. Simu ilikuwa imefungwa kwa pindo la leso yake, betri imejaa, kimya kama jiwe. Alichosikia ni ua kuvunjika.

Nusu ya ndengu imeenda. Zilikuwa zimeanza kukauka maganda, wiki mbili tu avune. Na kwa sababu yeye hakujua, Kilonzo pia hakujua, na mahindi yake yakaliwa. Hakuna aliyeumia, tunashukuru Mungu. Lakini mstari mzima ulikatikia kwa Nyanya.

Nilifika Mraru Ijumaa asubuhi. Nikachukua simu yake, nikaikagua, nikaona imeandika hakuna huduma. Nikamwambia Nyanya ukweli palepale, kwamba laini imekufa na mimi ndiye niliyeihamisha. Akaendelea kuokota maganda yaliyokanyagwa, anayapangusa udongo anayatia kwa karai.

Ndipo Mzee Kilonzo akaja, buti zimejaa vumbi, hata salamu hakutoa.

"Mama, jana ulilala?"

Nikafungua mdomo. Nyanya akaniwahi.

"Nilisahau kuchaji."

"Umesahau kuchaji! Mimi nimekaa na moto wangu umezimwa nikingoja simu yako, mahindi yakatembea na miguu minne."

"Nimesema nilisahau, Kilonzo. Unataka nipige magoti?"

"Sitaki upige magoti. Nimeongea na Mama Mghoi. Tutakuruka. Atakuwa ananipigia mimi moja kwa moja. Umri umeenda, pumzika." Halafu akanigeukia, akaniangalia viatu mpaka kofia. "Na wewe si ndiye mtaalamu wa mjini? Mfundishe nyanyako kuchaji."

Nami nikanyamaza.

Mimi! Mimi ambaye nimewahi kubishana na mhubiri akiwa na kipaza sauti na mimi sina. Nilisimama pale kama kigingi cha mbuzi, nikamwacha mwanamke wa miaka yake abebe mzigo wangu.

Mnaelewa maana ya kumruka? Ni kwamba ndovu wakija, kila mtu atajua isipokuwa yeye. Nusu ya ndengu iliyobaki iko pale, shamba la pili kutoka porini, na mwenye shamba ameondolewa kwa mstari kama mtoto aliyetolewa kwa mchezo.

Nilipotoka hapo hasira yangu yote niliielekeza panapofaa. Leo asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye mlango wa ofisi ya Tabasamu. Ndani kuna feni, kuna kiti cha kuzunguka, kuna dada ana kucha ndefu kiasi cha kuchimba viazi. Akabonyeza, akasoma, akaniambia bila kuinua macho:

"Laini haikuwa na shughuli."

"Dada, ilikuwa inalia kila wiki."

"Kulia si shughuli."

"Sasa shughuli ni nini?"

"Mteja aweke salio. Atumie huduma."

"Kwa hivyo ndovu tungewaambia wasimame hapo kwa ua, mwenye shamba anatafuta vocha?"

Mama mmoja kwenye foleni akacheka, askari wa mlangoni akanisogelea. "Kaka, punguza sauti."

Nikapunguza. Nikauliza kwa adabu zote za dunia kama nambari itarudi. Haiwezi. Inawekwa kando, halafu inapewa mteja mwingine. Nikamwambia huyo mteja mwingine pole yake, atakuwa amekaa zake Kisumu, anakula samaki, anaflashiwa na Mama Mghoi kwamba ndovu wako karibu.

Hakucheka. Akaniuliza kama ningependa kujua ofa yao ya wikendi.

Ofa!

Kinachonichoma ni hiki. Kwao wao, mtu asiyekula kredo si mtu. Bango linasema kuna nafasi ya kila mmoja, lakini ukiwa wa kutumia kidogo wanakuhesabia siku kama mfungwa. Nyanya hakuwapunja. Aliomba simu ilie, basi.

Kwa hivyo sikieni, nyinyi mnaowanunulia wazee wenu. Msiangalie bei ya dakika kama mtu mwenyewe haongei. Mimi nililinganisha dakika za mtu asiyepiga simu, ni kama kumchagulia kipofu miwani kwa rangi. Ulizeni laini inakufa baada ya muda gani, na ni kitu gani kinaihesabu kuwa hai. Ulizeni majirani zake wako kampuni gani, maana huwa wana sababu. Bei ya simu ni siku moja, laini ni kila siku. Na kabla ya yote muulizeni mwenyewe, hata kama nyinyi ni wajanja kama mimi.

Nilinunua laini ya ile kampuni ya zamani, ghali na maringo yake. Nako nikauliza kabla ya kutoa pesa. Na wao pia hukata laini iliyolala, ila ukipiga simu moja mara moja moja, inabaki hai. Basi tumepanga hivi: kila mwisho wa mwezi natuma kredo kidogo, Nyanya ananipigia, na kwa mara moja nashika. Ananitukana dakika moja, shughuli imepatikana.

Mchana nimeenda Mraru nikamwekea. Imeshika vizuri. Nikampigia kutoka uwanjani, simu ikalia mpaka kuku wakatawanyika. Akafurahi. Lakini nambari ni mpya, na nambari mpya bila Mama Mghoi kuiweka kwa simu yake ni tochi tu. Na hawezi kuiweka, kwa sababu wameshakubaliana kwamba Nyanya amezeeka.

Nikamwambia, "Nyanya, nitaenda niwaambie kilichotokea."

Akanitazama kama vile nimeomba kuwafungulia ndovu ua. "Wewe nyamaza. Kilonzo maneno yake hukauka haraka. Mimi hata wakiniita mzee, si ni mzee? Wewe una meza pale mjini. Nani atanunua chaja kwa kijana aliyeiua simu ya nyanyake?"

Nikamfungia simu kwa pindo la leso yake, nikaondoka.

Nimerudi Kaloleni, nimefunga meza mapema. Tangu nianze ukurasa huu nimewasimulia watu waliochagua simu mbaya, nikawataja na majina yao. Leo ndiyo mara ya kwanza naandika habari za mjinga na jina la huyo mjinga ni langu.

Kesho ni Jumapili. Ibada ikiisha wale wa mstari huwa wanabaki kwenye benchi nje ya kanisa, wanapanga zamu za kukusanya mavi makavu. Kilonzo atakuwepo. Mama Mghoi atakuwepo. Nyanya atakuwepo pia, amekaa mwisho wa benchi, akijifanya haoni kwamba hawamuulizi kitu. Nitasimama mbele yao, halafu nitapita mmoja mmoja na kuweka nambari mpya kwa kila simu, hata ya Kilonzo, na akitaka kunitukana kwanza, nitangoja amalize.

Nimeshajaribu kuandika maneno yenyewe mara tatu. Mara zote tatu nimeanza na Kampuni ya Tabasamu, siku zao tisini, meseji yao ya Kiingereza na dada wa kucha. Ni maneno mazuri sana. Yangewachekesha.

Nimeyafuta. Nitaanza hivi: "Nyanya hakusahau kuchaji. Ni mimi."