Robi Alipotuuliza Mama Yuko Wapi

Mjukuu wangu Boke,

Marahaba. Hapa Nyambureti tunavuna mtama, na babu yako anakohoa kidogo tu.

Uliniuliza kwenye simu, mtu aliyezaliwa haoni wala hasikii anawazaje bila maneno. Mdogo wangu Robi alizaliwa hivyo. Mama peke yake ndiye aliyeongea naye, mikononi. Robi alikuwa na ishara ya kuzungusha vidole kwenye kifundo cha mkono, nasi tukiiona tunampa chakula. Tulisema hana mawazo zaidi ya njaa.

Mama alipofariki tulimzika bila kumjulisha. Tukanyoa nywele kama ilivyo desturi ya msiba, na yeye tukamnyoa. Akajipapasa kichwa, akapapasa changu, kisha vya ndugu zetu wote, mmoja mmoja. Alipomaliza akanirudia, akazungusha vidole kwenye kifundo changu.

Nikamletea ugali.

Akausukuma, akazungusha tena, pale pale ambapo Mama alivaa bangili. Ndipo nikaelewa kwamba miaka yote ile alikuwa akimtaja Mama. Nilitaka kumjibu, Boke. Mikono yangu haikujua hata neno moja.

Bibi yako,
Ghati