Pikapu ya Baba Haitaki Kutulia

Jumatatu, 5 Agosti 2002

Imezima tena. Darajani, mbele ya wauza samaki. Nimeondoa mguu tu kwenye mafuta, kimya. Honi nyuma, matusi pembeni. Nimefika nyumbani Vuga nimerowa jasho.

Baba kachoka nayo. Keshapata mnunuzi, mtu wa Mtoni, atakuja Jumapili. Mimi sitaki iuzwe. Na Jumamosi vyombo vya mdogo wangu Raya vinapelekwa Bwejuu kwa mumewe. Baba anataka kukodi lori. Nikamwambia pikapu nitaitengeneza mwenyewe. Kacheka. Nimechukia.

Jumanne, 6 Agosti

Nimezungumza kwa simu na kaka yangu Saidi, fundi magari Maskati. Ndiye aliyenifundisha kushika spana kabla hajaondoka. Anasema niangalie sensa iliyopo pale hewa inapoingilia, inayoiarifu injini kama mguu umekanyaga mafuta au umeachia. Ikikaa upande, injini haijui ikimbie au ipumzike.

Nimefungua. Masizi matupu! Nimesugua kwa petroli na mswaki mkuukuu. Skrubu za sensa zimelegea, zinacheza. Nikaazima mita ya kupimia umeme kwa jirani, nikaizungusha sensa pole pole mpaka sindano ya mita ikaruka. Nikakaza. Halafu nikarekebisha sailensi, ule mngurumo wa gari ikiwa imesimama. Bisibisi kidogo huku, kidogo kule.

Ikatulia. Ikatulia! Nimepiga vigelegele peke yangu.

Jumatano, 7 Agosti

Aibu. Baba kakubali kupanda. Tumekwenda vizuri mpaka Mtoni, tukarudi, na Darajani ikazima. Tumesukumwa na watu wasiotujua. Baba hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kasema tu, "Zuhura mwanangu, mashine nayo hufa." Kisha kaenda kuulizia lori.

Nimelia chooni. Nilipomaliza nikampigia Saidi.

"Ulipogusa sailensi, injini ilikuwa ya moto?"

"Baridi. Ndo kwanza nimeiwasha."

Kacheka mpaka nikataka kukata simu. "Ewe Zuhura! Injini ya baridi hujiongezea mafuta yenyewe. Ukiiwekea kipimo hapo, ikishapata moto lazima ife. Ipashe kwanza, ndo uishike."

Kosa dogo namna hiyo! Silali kwa hamu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeiwasha, nikaiacha mpaka ikapata moto sawasawa. Kweli bwana, mngurumo ukashuka, gari ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa homa. Hapo ndipo nikaingiza bisibisi. Kidogo. Nasikiliza. Kidogo tena. Nimeungua kidole, sijali. Nikawasha taa zote kuijaribu. Haikushuka.

Nikaipeleka Darajani peke yangu. Nikasimama makusudi. Nikaondoa mguu. Inaunguruma taratibu, kama paka. Nikaenda mbele, nikasimama tena. Watu walidhani nimepotea njia. Moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko injini.

Ijumaa, 9 Agosti

Baba anasema lori keshalipata, basi. Raya akatoka ndani, hina bado mbichi mikononi. "Vyombo vyangu vitapanda gari ya nyumbani. La sivyo, sendi."

Baba kamtazama Raya, kanitazama mimi. Kavaa kofia yake, kaenda kuvunja mapatano ya lori. Ikizima kesho njiani, ntajificha wapi?

Jumamosi, 10 Agosti

Tumefika! Kitanda, kabati, magodoro, masufuria, na shangazi wawili juu ya magodoro wakiimba njia nzima. Kila tuliposimama Baba alishika dashibodi, akiomba dua chini kwa chini. Haikuzima hata mara moja. Hata kwenye mchanga wa Bwejuu.

Wakwe wakatoka na vigelegele. Mimi sikuizima injini. Nilitaka wote waisikie. Mwisho Raya kaninong'oneza, "Zima basi, dada, watu wanataka kuomba dua." Nimecheka, kisha machozi yakanitoka, na yeye pia.

Jumapili, 11 Agosti

Nyumba kimya. Nimeamka nikiwa na maumivu ya mabega.

Yule mtu wa Mtoni kaja baada ya adhuhuri. Kaizunguka pikapu, kapiga teke gurudumu, kamuuliza Baba bei. Baba alikuwa anakunywa kahawa barazani. Hata hakuinuka.

"Muulize mwenyewe," kasema. "Huyo hapo."

Kanionyesha mimi.